Siku Kinu Waliposhuka Daraja

Katika miaka kumi na tisa ya kufundisha watu udereva, Klachi alikuwa amegongeshwa ukuta mara tatu, mti mara moja, na kibanda cha muuza viatu mara mbili. Kibanda kile kile, mwanafunzi yule yule. Hata siku hizo hakumfokea mtu. Alishuka, akatazama bampa, akamwomba radhi muuza viatu, kisha akarudi kwenye kiti chake cha abiria na kusema, "Haya, tuanze upya. Klachi kwanza." Maneno hayo yalimtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu, na ndiyo yaliyompa jina. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti.

Upole huo, hata hivyo, ulikuwa na likizo zake. Klachi alikuwa mshabiki wa Kinu, timu ya mpira, na Kinu wakifungwa, yeye huumwa. Si kuumwa kwa maneno. Tumbo lilimkaza chini ya mbavu, chakula kikawa pamba mdomoni, sauti ikamkauka. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi, alishajua kwamba siku hiyo haulizwi kitu. Binti zao wawili walijua kwamba ruhusa za kutoka huombwa Kinu wakishinda, na kwa kuwa Kinu hawakuwa wakishinda sana, walijifunza kuishi kwa sare. Hata karani wa shule ya udereva, dada ambaye hakuupenda mpira hata chembe, alifuatilia matokeo ili kesho yake awahamishie siku nyingine wanafunzi waoga.

Watu waliona ni ujinga wa mtu mzima. Hawakujua ulikotoka.

Zamani Kinu kilikuwa kinu kweli, kiwanda cha kusaga unga. Baba yake Klachi alibeba magunia pale tangu ujana mpaka mgongo ukapinda, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga kabla hazijawa nyeupe kwa umri. Wabeba magunia ndio walioanzisha timu. Jezi zao walizitia rangi ya zambarau kwa sababu wino wa kupigia mihuri magunia ulikuwa wa rangi hiyo, na ulikuwa hauna mwenyewe. Klachi alikaa mabegani mwa baba yake akaziona mechi ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Kisha kiwanda kikafungwa. Mashine zikang'olewa, jengo likawa ghala la vigae, wanaume wakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Baba yake hakumaliza mwaka wa pili. Kilichobaki cha maisha yale yote ni watu kumi na mmoja waliovaa zambarau, na wao walikuwa wakifungwa.

Klachi hakuwahi kumweleza mtu hayo. Akiulizwa, alijibu, "Ni timu yangu," basi.

Mwaka huo mambo yalikwenda kombo tangu mechi ya kwanza. Ilipofika Jumapili ya mwisho wa msimu, Kinu walihitaji sare tu ili wabaki ligi kuu. Wakaanza kwa kufunga. Klachi aliduwaa; hakuthubutu hata kushangilia, akakaa amebana mikono katikati ya magoti kama mtu aliyeshikishwa yai. Dakika ya themanini na tatu, mpira wa kona ukawagonga watu wawili ukaingia. Moja kwa moja. Sawa, sare inatosha. Dakika za nyongeza, beki wa kushoto wa Kinu, mtu aliyeitumikia timu miaka tisa, akamrudishia kipa pasi fupi. Fupi mno. Mshambuliaji wa wale wengine alikuwa pale pale, kana kwamba ameitwa.

Filimbi ilipolia, beki yule alilala kifudifudi kwenye nyasi na hakuna aliyekwenda kumwinua. Klachi hakulia. Alibaki ameketi. Uwanja ukatoka watu, taka zikabaki, na mfagiaji wa jukwaa akaja na ufagio wake safu kwa safu. Akafagia kulia kwa Klachi, akafagia kushoto kwake, mwisho akasema kwa upole, "Kaka, inua miguu." Klachi akainua.

Njia nzima ya kurudi nyumbani walimpa pole za kumchoma. Mwenye duka la dawa, kinyozi, na shabiki mmoja wa timu iliyokuwa kileleni, wote watatu, kila mmoja akijiona wa kwanza, walimwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Wa tatu alinusurika kukabwa koo.

Jumatatu asubuhi karani alikwishafanya yake: wanafunzi wanne amewahamisha. Mmoja alikataa. Huyo alikuwa mkunga wa zahanati, mama wa miaka hamsini na sita, na Jumatatu ndiyo siku yake pekee ya mapumziko. "Sihamishwi," alimwambia karani. "Mimi nina mtihani wiki ijayo."

Alikuwa amefeli mtihani wa udereva mara nne. Mara ya kwanza aliangusha koni, mara ya pili gari lilimzimikia njia panda, mara ya tatu lilimrudi nyuma mlimani. Mara ya nne alisimama katikati ya barabara kumpisha kuku, na kuku mwenyewe hakuwa na haraka. Mikono yake ilikuwa mikubwa na tulivu, mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa ule, lakini adabu yake ilikuwa imezidi. Barabarani alimpisha kila mtu.

Wakafika kwenye mzunguko mkubwa. Mkunga akasimama.

"Ingia," Klachi akasema. Hilo lilikuwa neno lake la tano tangu asubuhi.

"Yule anakuja."

"Yuko mbali."

"Lakini anakuja, mwalimu."

Yule akapita. Akaja mwingine, naye akapishwa. Nyuma, honi zikaanza. Klachi alihisi lile fundo la chini ya mbavu likipanda, likafika kooni, na kabla hajalimeza likatoka.

"Unangoja nini, wakuletee kadi ya mwaliko? Ndiyo maana umefeli mara nne! Watu wengine mmeumbwa kushuka tu! Shuka daraja! Shuka! Shuka!"

Mkunga hakumtazama. Alitazama kioo cha kati, akatazama cha pembeni, akaingia kwenye mzunguko nafasi ilipotokea, akatoka njia ya pili, akawasha taa ya ishara, akalisogeza gari kando taratibu kama anayelaza kichanga. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini. Kisha akachukua mkoba wake kiti cha nyuma.

"Umesema shuka mara tatu," akasema. "Nilikusikia ya kwanza."

Akafunga mlango bila kuubamiza, akaenda zake kwa miguu. Klachi alibaki anatazama usukani usio na mtu. Katika miezi saba ya kumfundisha, mama yule hakuwahi kuegesha gari vizuri kiasi kile.

Mwenye shule ya udereva alikuwa kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye huruma ya chini chini. Alimwita ofisini mchana ule ule.

"Shemeji," akaanza, na alipoanza hivyo Klachi alijua mambo ni mazito, kwani kazini humwita mwalimu. "Kibanda cha viatu nilinyamaza. Ukuta nilinyamaza. Lakini huyu mama ndiye aliyempokea mwanangu wa mwisho. Nikipita mbele ya zahanati nitaficha wapi uso?"

"Nimekosa, shemeji."

"Umekosa kwangu? Nenda nyumbani. Siku utakayorudi hapa, rudi naye."

Klachi akaenda nyumbani akapanda kitandani. Jumanne yote alilala amegeukia ukuta. Alichanganya mambo mawili mpaka hakujua lipi linamuuma: ile pasi fupi au yale maneno yake. Kila akifumba macho, beki alilala kwenye nyasi na mkunga alikwenda zake na mkoba.

Jumatano asubuhi mkewe aliingia na chai, akaiweka, lakini hakutoka.

"Baba watoto, nina maneno machache. Kinu wameshuka. Nimekuacha uomboleze siku mbili, chai nakuletea kitandani kama mzazi. Sikucheki, maana naona unaumwa kweli. Lakini yule mama hakukufunga bao."

Klachi akajifunika hadi kichwani. Mkewe akaanza kulivuta shuka. "Hili nataka kulifua," akasema, na hapo mjadala ukaisha.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu ukumbini, na siku ile lilikuwa limejaa wajawazito. Walisogea wakampa nafasi mwishoni. Aliketi amejikunyata, kofia mapajani.

"Wako wa ngapi?" jirani yake, mwenye tumbo kubwa kama ngoma, akamuuliza.

"Sikuja kwa ajili ya mtoto. Nimekuja kumwomba radhi mkunga."

Habari ikatembea benchi zima kwa mnong'ono, ikarudi kwa kicheko. "Laiti waume wote wangekuwa wanakuja!" mmoja akasema. Mwingine akamshauri apige magoti kabisa, kwani sakafu imedekiwa.

Hakupiga magoti, ingawa alifikiria. Mkunga alipotoka chumba cha mwisho, aproni imefungwa na miwani imepanda kichwani, Klachi alisimama na kusema yote kwa pumzi moja mbele ya benchi zima: kwamba alikosa, kwamba maneno yale hayakumlenga yeye, kwamba tangu Jumatatu hajapata usingizi.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Nifuate," akasema, akampeleka chumba kidogo cha kuchemshia vyombo, akamwonyesha kigoda. "Karani aliniambia umepata msiba wa Kinu. Kinu ni nani yako?"

"Ni timu, mama. Timu ya mpira."

"Timu?" Akashusha miwani kumtazama vizuri. "Wewe unacheza namba ngapi?"

"Sichezi."

Klachi alimngoja acheke. Kila mtu hucheka hapo. Mkunga hakucheka, alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akauliza, "Basi kinachouma ni nini?" Alimuuliza kama anavyowauliza wagonjwa wake, mtu anayetaka kujua ili ajue la kufanya.

Na Klachi, ambaye katika miaka yote ile alijibu kwa maneno matatu, akajikuta anasema. Akamwambia habari za magunia na wino wa zambarau na nyusi za baba yake. Akamwambia kwamba kiwanda kilipofungwa baba yake alikaa mlangoni miezi kumi na minane bila kwenda popote isipokuwa uwanjani. "Wakifungwa," akasema, "naona kama wanamfunga yeye. Najua si kweli. Najua kabisa. Lakini tumbo halijui."

Birika lilichemka. Mkunga akaenda kulizima.

"Nami nikueleze langu," akasema akiwa amempa mgongo. "Zahanati ina gari. Limo nyuma hapo, zima, lina hata kitanda. Dereva ni mmoja na saa kumi jioni anaondoka, ndiyo kazi yake inavyosema. Watoto hawazaliwi kwa ratiba ya dereva. Mwaka juzi mama mmoja alianza kuvuja damu saa kumi na moja. Tulihangaika kutafuta usafiri mpaka…" Akafunga jiko. "Mtoto tulimwokoa. Siku ile ile nikasema, gari hili nitaliendesha mimi mwenyewe, hata nikifeli mara ishirini."

Klachi aliishika kofia yake akaikunja kama karatasi.

"Mtihani ni Alhamisi ijayo," mkunga akaendelea. "Nataka kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu. Ukinifokea tena, nashuka tena. Na safari hiyo funguo naondoka nazo."

Kuanzia kesho yake, gari lenye herufi L nyekundu mgongoni lilionekana kila alfajiri likipanda na kushuka mlima wa nyuma ya maghala. Lilipanda, likazimika, likashikwa na breki, likawashwa, likapanda tena. Klachi alikuwa amerudi kuwa Klachi. Alimfundisha asikilize injini badala ya kuitazama, kwamba sauti yake ikibadilika na kuwa nzito ndipo aiachie klachi pole pole. Maneno hayo alikuwa akiwaambia wanafunzi kwa miaka na hakuna aliyeyaelewa upesi kama mkunga, ambaye maisha yake yote alikuwa akisikiliza pumzi ili ajue lini aseme sukuma. Kwenye mzunguko alimfundisha kuhesabu moja, mbili, kisha kuingia. "Adabu uiache nyumbani, mama," alimwambia. "Utaikuta ukirudi."

Alhamisi ikafika. Klachi alisimama nyuma ya uzio wa uwanja wa mtihani pamoja na karani. Mtahini, mtu mkavu mwenye kalamu sikioni, aliingia garini na mkunga, mlango ukafungwa. Koni zote zikapitwa, hata moja haikutikisika. Karani alimgusa Klachi begani akamwonyesha mguu wake mwenyewe: mguu wa kushoto ulikuwa ukikanyaga chini na kuachia, ukikanyaga na kuachia, vumbi linatimka, naye hakuwa na habari. Gari likaenda mlimani. Likasimama katikati kama ilivyotakiwa. Likanguruma. Likazimika. Likawashwa. Likazimika.

Lilipozimika mara ya pili, Klachi alihisi fundo likimkaza chini ya mbavu, mahali pale pale.

Mkunga alishuka, akapokea karatasi yake, akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani. "Mguu ulitetemeka," akamwambia Klachi. "Nina zamu ya usiku." Akaondoka.

Mchana ule Klachi alisukuma sahani mbali. Mkewe alimtazama, akamtazama tena.

"Kinu wamecheza leo? Si ligi imekwisha?"

"Mkunga amefeli."

Mkewe alifungua kinywa aseme neno la mzaha, akaona uso wa mumewe, akalimeza. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mtihani mwingine lini?" akauliza.

Klachi hakujua. Siku zote, timu ikifungwa, hakuwahi kujiuliza linalofuata. Alilala mpaka maumivu yaishe yenyewe. Alijua pia kwamba mwanafunzi aliyefeli mara tano harudi. Katika miaka kumi na tisa hakumwona hata mmoja. Ijumaa asubuhi alikwenda kazini saa kumi na mbili kwa mazoea tu, bila tumaini, na mkunga alikuwa tayari getini, mkoba begani, anapiga miayo ya zamu ya usiku.

"Umechelewa dakika nne," akasema. "Tuanze na mlima."

Wakaanza na mlima. Wakakaa nao wiki tatu. Mtihani wa sita ulikuwa siku ya mvua, na Klachi hakuweza kutazama. Aligeukia ukuta wa ofisi, karani akamtangazia kama redio. "Amesimama mlimani. Ananguruma. Bado. Bado. Anapanda! Mwalimu, anapanda! Amefika juu!" Klachi alipiga ukelele ambao mtahini mwenyewe aliusikia akadhani kuna ajali. Mkunga akashuka na karatasi, mvua inamnyeshea, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Nipeleke zahanati nikalizoee lile gari. Au tuseme, nikupeleke."

Haikupita miezi miwili kabla hajampakia mama wa kwanza, jioni, dereva akiwa kwao ameinua miguu. Walifika hospitali kubwa salama, wawili wakarudi watatu. Mkunga hakumsimulia Klachi jambo hilo kama tukio la ajabu. Alipita tu shuleni siku moja akamwambia kwamba kwenye mzunguko hakumpisha mtu.

Ligi ya daraja la chini ilipoanza, Klachi alikwenda kuwatazama Kinu kwenye kiwanja kisicho na jukwaa, kamba ndiyo inayotenganisha wachezaji na watazamaji. Watazamaji walikuwa kama sitini, na beki wa kushoto, yule wa pasi fupi, alikuwemo bado. Angeweza kuondoka, wenzake sita waliondoka. Wakafungwa mbili bila. Klachi aliumwa usiku kucha kama zamani, wala maumivu hayakupungua hata tone kwa kuwa daraja limepungua. Asubuhi alikunywa chai ya kulazimisha akaenda kazini, na mwanafunzi mpya alipokaa kwenye usukani, alimwambia waziwazi, "Jana timu yangu imefungwa. Ukiniona kimya, huna kosa. Funga mkanda."

Jumatano, baada ya kazi, alikwenda kwenye mazoezi ya Kinu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Kocha alimtazama mtu huyu wa makamo mwenye jezi ya zambarau iliyopauka, akadhani amekuja kutukana. Wengi walikuja kutukana.

"Nasikia basi lenu halina dereva," Klachi akasema.

"Alituacha. Timu ikishuka, kila mtu hushuka."

"Mimi ni mwalimu wa udereva. Siku za mechi siendi kazini. Nipeni funguo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa dereva wa Kinu. Lilikuwa basi kongwe ambalo gia yake ya tatu ilitaka kubembelezwa, na Klachi aliibembeleza. Mechi yao ya kwanza ya ugenini walifungwa tatu kwa moja. Walirudi jua linakwenda kuzama, wachezaji wamejifunika taulo nyuso. Tumbo la Klachi lilikuwa limekaza, mikono yake ikiwa imara kwenye usukani. Beki wa kushoto ndiye aliyeketi kiti cha mbele, karibu naye, paji la uso ameliegemeza kwenye kioo.

Walipofika na wachezaji wakaanza kuteremka mmoja mmoja, beki alibaki nyuma akikusanya mipira.

"Mzee, Jumamosi ijayo utakuja?"

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Kocha amesema saa moja."

"Mwambie saa kumi na mbili," Klachi akasema, akifuta kioo kwa kitambaa. "Barabara ya kule ni mbovu, sitaki mfike mmechoka."